Soya Hupimwa Unyevu, Protini Hailipwi

Msimu wa mavuno huko Illinois, Marekani, malori ya soya hupanga foleni kwenye vihenge vya wanunuzi. Lori likifika, bomba la chuma huzamishwa ndani ya mzigo na kuchota sampuli. Muda si mrefu karani anajua unyevu, taka na punje zilizoharibika. Unyevu ukizidi asilimia 13, mkulima anakatwa.

Lakini kiwanda kinachotafuta soya kinatafuta protini na mafuta. Tani moja ikikamuliwa hutoa takribani kilo 800 za mashudu ya kulishia kuku na nguruwe, na kilo 180 hivi za mafuta. Sifa hizo mbili hazimo kabisa katika vigezo vya kupanga madaraja ya soya ya Marekani, ingawa tangu 1989 wakaguzi wa serikali huzipima kwa anayeomba. Mashine ya mwanga wa infraredi hutoa jibu ndani ya dakika chache tu.

Chukua malori mawili ya tani 25. Soya ya kwanza ina protini asilimia 34, ya pili 36. Tofauti ni kilo 500 za protini, na mara nyingi bei ni ileile. Huo ni uonevu kwa mkulima wa pili, tena unamfunza vibaya: mbegu zinazozaa sana kwa kawaida huwa na protini pungufu, basi kwa nini asipande hizo?

Kupima ni rahisi. Ghali ni kuyafanyia kazi majibu. Soya bora ikimwagwa pamoja na dhaifu, thamani yake imepotea, kwa hiyo kinahitajika kihenge cha pili, na foleni inarefuka huku mvua ikinyemelea mashamba. Isitoshe, mnunuzi akianza peke yake kukata bei ya soya dhaifu, wenye nayo watahamia kwa jirani asiyepima. Mnunuzi huyo atabaki akilipa nyongeza tu kwa soya bora.

Kwa maoni yangu, kipimo kinalipa pale mzigo wa wengi ulipokwisha kukusanywa. Vyama vya ushirika vinavyouza soya mkoani Ruvuma, Tanzania, vizingatie hilo: kabla ya kununua mashine, muulizeni mwenye kiwanda ataongeza shilingi ngapi kwa kila asilimia ya protini, kisha mlinganishe na gharama ya kutenganisha mizigo ghalani. Asipotaja nyongeza yoyote, fedha hizo nunulieni maturubai ya kuanikia.