Mabaka kwenye Ngozi ya Mbwa na Paka: Kupima Kabla ya Kupaka Dawa

Guangzhou ni jiji la joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Majira ya kuchipua yanapoanza, kuta na sakafu hutoka jasho. Hali hiyo huwafaa viroboto na vimelea vya kuvu. Katika nyumba za ghorofa za Xiaobei, Sanyuanli na kwingineko, watoto na mnyama hutumia chumba kimoja. Hivyo baadhi ya magonjwa ya ngozi ya paka au mbwa huweza kuwafikia watu wa nyumbani.

Dalili moja, sababu nyingi

Manyoya yakinyonyoka na ngozi ikitoa magamba, chanzo chaweza kuwa viroboto, utitiri, kuvu, bakteria au mzio. Ishara zifuatazo husaidia kukisia, lakini hazitoshi kuthibitisha:

• Viroboto: mbwa hujikuna na kujitafuna kiunoni na penye shina la mkia. Chembe nyeusi zilizochanwa kutoka manyoyani zikiwekwa kwenye karatasi nyeupe iliyolowa, huacha doa la rangi ya kutu.
• Upele: muwasho ni mkali, ngozi hukauka na kufanya magaga kwenye kingo za masikio na viwiko.
• Utitiri wa masikio: paka hutikisa kichwa, na sikio hutoa uchafu mweusi.
• Choa: mabaka ya mviringo hutokea usoni, masikioni au miguuni. Paka wengine hubeba choa bila kuonyesha dalili yoyote.

Vipimo vya daktari

Daktari wa wanyama hukwangua ngozi kidogo na kutazama alichokipata kwa hadubini ili kutafuta utitiri. Kwa choa, hummulika mnyama kwa taa ya urujuanimno. Manyoya yenye aina ya kuvu iliyo ya kawaida kwa paka huweza kung'aa kijani. Hata hivyo, kutong'aa si uthibitisho kwamba choa hakipo. Kwa hiyo manyoya hupelekwa kuoteshwa katika maabara, na jibu huweza kuchukua wiki 2 hadi 3.

Vibao vya hospitali za wanyama wa nyumbani huandikwa 宠物医院 (chongwu yiyuan). Ni vyema mwenye mnyama aende na picha za mabaka, tarehe yalipoanza, na pakiti za dawa zote zilizokwisha kutumika.

Dawa za kuepuka

Marhamu za binadamu zenye steroidi hupunguza wekundu na muwasho huku kuvu ikiendelea kuenea, na hufanya ugonjwa uwe mgumu kutambulika. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini huweza kumuua paka. Dawa ya upele ya binadamu yenye benzili benzoeti nayo ni sumu kwa paka.

Watu wanapoanza kuwashwa

Upele wa mbwa huweza kumletea mtu muwasho wa muda, ambao kwa kawaida huisha mbwa akitibiwa. Choa ni tofauti: huota katika ngozi ya binadamu na huhitaji tiba. Mtoto mwenye mapunye kichwani huhitaji dawa ya kumeza, si ya kupaka pekee. Wazazi wamweleze daktari wa mtoto kwamba nyumbani kuna paka au mbwa. Mtoto akitibiwa na paka akaachwa, ugonjwa huweza kurudi.

Mnyama mwenye choa atengwe katika chumba rahisi kusafisha. Manyoya yaondolewe sakafuni kila siku, matandiko yafuliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa mbegu za kuvu huweza kudumu miezi mingi katika manyoya yaliyodondoka. Kuota kwa manyoya mapya si dalili tosha ya kupona. Tiba ikomeshwe pale tu daktari atakapothibitisha kwa kipimo kwamba choa kimekwisha.