Dozi au Vidonge?

Mimi ni mtu wa Kasanda, upande wa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Miaka mingi nimekaa dirisha la dawa, katika zahanati ambayo siitaji, maana kosa nitakalosimulia nusu yake ni langu.

Tuliletewa mfumo mpya wa kuripoti dawa. Kwenye skrini palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Baki", basi. Rafuni zilibaki dozi tano za dawa mseto ya malaria ya watu wazima. Dozi moja ni vidonge 24. Nikazidisha, nikajaza 120. Huko juu mfumo ukasoma dozi 120, ukaona tumeshiba. Mgao ukaja bila dawa mseto hata pakiti moja, tena masika, mbu wamejaa.

Baada ya wiki kadhaa akaja kijana wa TEHAMA. "Shikamoo daktari. Mbona hukufuata mwongozo?"

"Marahaba mwanangu. Njoo kwanza huku nyuma."

Nikamfungulia leja, nikampa pakiti aishike. Akaigeuzageuza. "Kumbe hii moja ndiyo mgonjwa mmoja?" Fomu ya dawa kaitengeneza, dawa yenyewe hajawahi kuishika! Na mimi je? Lile neno "Baki" lilinitatiza tangu siku ya kwanza, nikanyamaza nisionekane mshamba.

Mkoa wetu wa Kigoma uliwahi kuona mambo haya yakienda vizuri. Kati ya 2009 na 2010 mradi wa SMS for Life, wa Wizara ya Afya pamoja na Novartis, IBM na Vodafone, ulijaribiwa Kigoma Vijijini, Ulanga na Lindi Vijijini, vituo 129. Kila Alhamisi mhudumu aliulizwa kwa ujumbe wa simu dawa za malaria zimebaki ngapi. Akijibu mapema, anapewa muda wa maongezi. Kwa wiki 21, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Wengi husifia simu. Mimi nasifia swali: unalijibu umesimama mbele ya rafu. (Na vocha, tusidanganyane.)

Mwezi uliofuata kisanduku chetu kilisomeka "Baki: idadi ya dozi". Nikampigia kijana kumshukuru.

"Sasa mwanangu, dawa za maji za watoto. Unahesabu chupa au mililita?"

Kimya.

"Nakuja Alhamisi, daktari."