JE, WAJUA? Marx, Dini na Jasho la Mnyonge

Je, wajua kwamba Karl Marx alikuwa na umri wa miaka 25 tu alipoifananisha dini na kasumba? Maneno hayo yalichapishwa Paris mwaka 1844, katika utangulizi wa uhakiki wake wa falsafa ya Hegel. Wengi huyachukulia kuwa ni tusi kwa waumini. Lakini zama hizo kasumba ilikuwa dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu, ikiuzwa madukani Ulaya. Katika aya hiyohiyo, Marx aliieleza dini pia kuwa kilio cha wanaoonewa. Kwake, aliyestahili lawama si anayesali, bali mfumo uliomfukarisha.

Je, wajua kwamba rafiki yake, Friedrich Engels, alizaliwa Barmen, Ujerumani, katika familia ya washika dini wenye kiwanda cha nguo? Mwaka 1839, akiwa na miaka 18, aliandika gazetini kuwashutumu matajiri wacha Mungu wa kwao, ambao viwanda vyao vilitumikisha watoto waliopaswa kuwa shuleni.

Hata hivyo, mwaka 1850 Engels huyohuyo alimsifu Thomas Müntzer, mhubiri aliyesimama na wakulima wa Ujerumani walipoasi dhidi ya mabwana wao mwaka 1525. Müntzer alidai haki kwa kutumia Biblia, akauawa kwa hilo.

Basi dini yaweza kumfunza mnyonge kuvumilia dhuluma, na yaweza pia kumpa ujasiri wa kuikataa.