Mawazo Yakikukosesha Usingizi

[MUZIKI sekunde 10, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: 

Juzi pale bombani mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, nikilala mawazo hayanipi nafasi. Nifanyeje yanyamaze?"

Mama, dawa ya kuyanyamazisha sina. Ila leo nitaeleza jinsi Wabudha wengi wa Myanmar, nchi iliyoitwa Burma zamani, wanavyoyaangalia mawazo yao. Aliyeieneza sana njia hii ni mtawa Mahasi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki 1982. Kuanzia 1949 aliifundisha katika mji wa Yangon. Hakuwafundisha watawa peke yao, bali hata watu wa kawaida wenye kazi na familia.

Inafanywa hivi. Unakaa, unafumba macho, unaliangalia tumbo lako. Ukivuta pumzi, unataja kimoyomoyo: "linapanda." Ukiitoa: "linashuka." Pumzi huilazimishi. Ukisikia kelele, taja: "nasikia." Wazo likija: "nawaza." Goti likiuma: "maumivu." Kisha unarudi tumboni.

Kusema ni rahisi! Mimi siku ya kwanza sikufikisha pumzi tano. Nilishtuka niko kwenye foleni ya mgao, nagombana kichwani na mtu aliyenipita, na mtu mwenyewe hayupo. Nikarudi tumboni, shingo ikaanza kuwasha. Siku ya pili nilisinzia. Nikasema, hili nimelishindwa.

Kumbe sivyo. Wanaofundisha njia hii wanasema akili kutangatanga ni kawaida. Ile dakika unapogundua "kumbe nilikuwa nawaza," hapo ndipo umefanya kazi yenyewe. Hata shingo ikiwasha, kabla ya kujikuna unataja: "inawasha," kisha "nataka kujikuna." Mara nyingine muwasho unaondoka wenyewe.

Wazo ni kama pikipiki inayopita. Ukilitaja, umebaki kando ya barabara. Usipolitaja, unashtuka umeshapanda na umefika mbali.

[MUZIKI mfupi]

MTANGAZAJI: Utaniuliza, na dini yangu je? Kwa Wabudha hii ni sehemu ya dini yao, tuiheshimu hivyo. Mkristo na Mwislamu wana sala zao. Kutambua kwamba unawaza hakukutoi kwenye sala yako.

Sasa sikiliza hili vizuri. Wengi wetu tumeona mambo mazito. Ukifumba macho na yale ya vita yakarudi, moyo ukaenda mbio, mwili ukatetemeka, acha hapo hapo. Fumbua macho. Gusa ardhi. Taja vitu vitano unavyoviona. Toka ukakae na mtu unayemwamini. Hujashindwa, na usijilazimishe kuendelea. Yakizidi kurudi, nenda kituo cha afya, uombe kuonana na mshauri.

Kuna pia namna ya kutembea, macho yakiwa wazi. Mguu wa kulia ukikanyaga unataja "kulia," wa kushoto "kushoto." Unaweza kuijaribu ukienda kuchota maji.

Kwa hiyo mama yangu, kama unanisikia: mawazo hayatanyamaza usiku mmoja. Leo anza na pumzi tatu tu. Likija wazo la nyumba tuliyoiacha, usilifukuze. Sema "nawaza," kisha urudi kwenye pumzi.

Usiku mwema, msikilizaji. Tukutane kipindi kijacho.

[MUZIKI unapanda, mwisho]