Bahasha (uandishi wa habari)

Bahasha, kwa lugha ya mitaani pia mshiko, ni fedha anazopewa mwandishi wa habari na mtu au taasisi aliyokwenda kuandika habari zake. Jina linatokana na bahasha ya kaki inayotiwa noti. Desturi hii haiko Tanzania pekee: katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huitwa coupage, na nchini Ghana soli.

Jijini Dar es Salaam huonekana zaidi kwenye semina, uzinduzi na mikutano na waandishi katika hoteli na kumbi za katikati ya jiji. Shughuli ikiisha, waandishi husaini karatasi ya mahudhurio na kupokea "nauli". Jina hilo si uongo mtupu. Waandishi wengi ni wa kujitegemea, hawana mkataba wala mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyotoka, na malipo hayo ni madogo tena huchelewa. Kwa hiyo gharama ya kutafuta habari, ambayo ilipaswa kubebwa na chombo cha habari, hubebwa na yule anayeandikwa.

Madhara yake huonekana zaidi katika habari zisizoandikwa. Aliyepokea nauli huona haya kumuuliza mwenyeji swali gumu. Mmachinga wa Mtaa wa Kongo au mwenye kizimba katika soko la Kariakoo hana ukumbi wala bahasha, ingawa yuko mwendo wa miguu tu kutoka kwenye hoteli hizo. Kilio cha Kariakoo hupata kurasa za mbele maduka yanapofungwa, kama Mei 2023, wafanyabiashara walipogoma kwa sababu ya kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja.

Kuna pia sura ya pili, mbaya zaidi: mwandishi kudai fedha ili habari ya aibu isitoke. Hiyo ni rushwa ya wazi.

Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazokataza kupokea hongo. Hata hivyo Baraza husuluhisha malalamiko yanayoletwa kwake, na katika bahasha mtoaji na mpokeaji wote wameridhika. Anayekosa habari ni msomaji, naye kwa kawaida hajui kwamba kuna bahasha iliyotolewa.