Lita 28 za mama aliyerudi kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke aliyeajiriwa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wataalamu wa afya, kuanzia Shirika la Afya Duniani (WHO) hadi muuguzi wa kliniki ya mtaani, wanamwambia ampe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6, yaani siku 182. Toa 84 kwenye 182, zinabaki siku 98. Kwa wiki hizo 14 mama anatakiwa kazini, na mtoto bado anamtaka nyumbani.

Wengi hulifikia pengo hilo wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Likizo haijaisha, lakini kopo la maziwa ya unga limeshanunuliwa na kuwekwa kabatini. Hofu hiyo ina sababu zake, ila kabla ya kuikubali ni vizuri tuipime kwa kipimo cha maziwa. Nimepiga hesabu, na jibu nililopata ni dogo kuliko hofu yenyewe. Ni lita 28.

Zinavyopatikana lita 28

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hivi kwa siku. Wapo wanaotumia chini ya 500 na wapo wanaovuka lita moja, na wote wakakua vizuri. Kiasi hicho hakipandi sana umri unavyosonga. Wa miezi 5 hunywa karibu sawa na wa miezi 2, kwa sababu kasi ya kukua hupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa siku 182, basi, ni kama lita 136.

Sasa mchukue mama wa mfano, tumwite Mama Neema. Anaishi Kimara, anafanya kazi Kariakoo siku 5 kwa wiki. Anatoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Nusu ya siku hayupo, kwa hiyo nusu ya maziwa ya siku, mililita 375, lazima mtoto ayapate kwa njia nyingine. Ongeza kidogo kwa ajili ya yatakayomwagika, iwe 400. Wiki 14 zina siku 70 za kazi. Mililita 400 mara 70 ni lita 28, yaani dumu moja la lita 20 na lita 8 juu yake.

Ziweke hizo kando ya lita 136 na utaona ni moja ya tano tu. Lita 108 zilizobaki mtoto atazinyonya mwenyewe titini, katika siku 84 za likizo, alfajiri kabla mama hajatoka, jioni, usiku na mwisho wa wiki. Kurudi kazini kunagusa sehemu moja ya tano ya safari nzima. Kuacha kunyonyesha kwa sababu ya sehemu hiyo ni kuitupa nguo nzima kwa kifungo kilichokatika.

Pengo lenyewe hupanuka na kufinyika. Sheria inaruhusu likizo ianze hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Mama akizitumia zote, zinambakia siku 56 baada ya kujifungua, na pengo linafika siku za kazi 90, lita 36. Akifanya kazi mpaka karibu na uchungu, kisha akaunganisha likizo ya mwaka ya siku 28, pengo linashuka hadi siku za kazi 50. Hizo ni lita 20, dumu moja kamili.

Msingi hujengwa kwa kijiko cha chai

Lita hizo za baadaye hutegemea mililita za siku ya kwanza. Kichanga wa siku moja hupata mililita chache tu kila anaponyonya, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ni dang'a, maziwa ya mwanzo, mazito na ya njano, yenye kinga nyingi. Hapo ndipo bibi, shangazi au jirani huangalia titi na kusema maziwa hayajatoka, apewe maji ya sukari. Maziwa yametoka. Tumbo la mtoto ni dogo, na kiasi hicho kinamtosha.

Kipimo cha kuaminika si ulaini wa titi wala kilio cha mtoto. Angalia nepi. Kuanzia siku ya 5 au 6, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku ni ushahidi kuwa maziwa yanaingia. Angalia na mizani. Ni kawaida mtoto kupungua uzito siku za mwanzo, lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10, au akifikisha wiki 2 bila kuurudia uzito wa kuzaliwa, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Katika siku zile 40 ambazo familia nyingi humtunza mzazi ndani kwa mtori, supu na uji, kazi yake kubwa ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mwili hutengeneza maziwa kwa kufuata yanavyotoka. Titi lililojaa muda mrefu huupa mwili taarifa kwamba maziwa hayahitajiki, nao hupunguza. Ndiyo maana, mtoto akiwa mzima, chupa ya wiki ya kwanza "ili mama apumzike" mara nyingi humpunguzia maziwa.

Kwa mtoto njiti au asiyeweza kunyonya mambo hubadilika. Huyo mama yake aanze kukamua mapema, ndani ya saa 6 baada ya kujifungua ikiwezekana, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Kichanga wa kilo 1.5 huanzia mililita 60 kwa kila kilo, yaani mililita 90 siku ya kwanza. Gawa kwa mara 8, ni mililita 11 kila mlo, kwa mrija au kwa kikombe. Mililita 11 zilizokamuliwa kwa mkono na mama mwenye mshono bado mbichi zinastahili heshima yetu.

Maziwa ya leo ni ya kesho

Mama Neema hahitaji friza iliyojaa. Anachohitaji ni akiba ya siku mbili au tatu na mzunguko usiokatika. Wiki 2 kabla ya kurudi kazini, akikamua mililita 80 kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, siku 14 zinampa lita 1.1, karibu siku 3 za kazi. Akiba hiyo inataka friza. Asiye nayo ayahesabu ya siku ya mwisho tu, mililita 80, na ajazie kwa kukamua usiku wa kuamkia kazini. Kuanzia siku ya kwanza kazini, anayokamua leo ndiyo mtoto atakayokunywa kesho.

Kazini akikamua mara 3, kila baada ya saa 3 hivi, kila mara anahitaji kama mililita 130 kutoka matiti yote mawili. Kwa mkono ni dakika 20 hadi 30. Kidole gumba juu ya weusi wa titi, vidole vingine chini, unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Pampu ya umeme huokoa dakika, ila mkono uliooshwa hauhitaji chaji wala kipuri.

Nyumbani, milo 4 ya mililita 100 inatosha. Hapa ndipo akiba nyingi huvuja. Dada au bibi anaona chupa ya mililita 250, anaijaza, na ikifika saa 6 mchana maziwa yameisha na mama anaambiwa hatoshelezi. Hesabu ya walezi hao hutokana na makopo, ambako kiasi huongezwa mtoto akikua. Titi haliendi hivyo. Anayelisha kwa chupa amkalishe mtoto akiwa ameinuka, alaze chupa, na ampe mapumziko. Kikombe kidogo kisicho na mfuniko ni bora zaidi kwa nyumba yenye maji ya shida, kwa kuwa hakina kona wala chuchu ya kuficha vijidudu, na husafishika kwa sabuni na maji ya moto.

Joto ndilo adui mkubwa. Miongozo ya Marekani hutoa muda wa saa 4 kwa maziwa yaliyokamuliwa yakiwa nje, joto lisizidi nyuzi 25. Siku 4 kwenye friji. Saa 24 kwenye kibegi chenye barafu. Na miezi 6 kwenye friza. Miongozo mingine husema hadi saa 8 nje na saa 24 kwenye friji. Dar es Salaam ya Februari huvuka nyuzi 30 mchana, kwa hiyo ushauri wangu ni kushika namba ndogo kila mara: saa 4 nje na saa 24 kwenye friji. Bandika tarehe na saa kwenye kila chombo, na cha zamani kitoke kwanza.

Makopo 45, au kilo 25 za unga

Tuje kwenye fedha. Kopo la gramu 400 la maziwa ya watoto hutoa takriban lita 3 yakikorogwa inavyotakiwa. Lita 136 ni makopo 45, sawa na 7 na nusu kila mwezi. Bei hutofautiana, kwa hiyo tumia kanuni hii: kila Sh10,000 ya bei ya kopo ni Sh75,000 kwa mwezi na Sh450,000 kwa miezi 6. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma tangu Julai 2025 ni Sh500,000. Kila Sh10,000 ya bei ya kopo, basi, huchukua asilimia 15 ya mshahara huo. Bado hujaweka maji, na mkaa au gesi ya kuyachemsha mara 8 kwa siku. Familia inayozidiwa hukoroga maji mengi na unga kidogo, na mtoto hudhoofika akiwa ameshiba maji.

Upande wa pili, mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya takriban kalori 500 kwa siku. Kwa kipimo cha nguvu peke yake, hiyo ni gramu 140 za unga wa mahindi. Kwa siku 182 ni kilo 25, mfuko mmoja wa dukani. Mama hali unga mtupu. Anahitaji maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda. Hata hivyo mizani imeshaonekana: makopo 45 kwa mtoto, au mfuko mmoja na kitoweo chake kwa mama. Shilingi ya kwanza ya mzazi mwenye fedha kidogo iingie kwenye sahani ya mama.

Saa 2 na mlango unaofungika

Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ukamuaji wa mara 3 wa dakika 30 ni saa moja na nusu; dakika 30 zinabaki za kuosha mikono, vyombo, kwenda na kurudi. Saa 2 zinaenea. Wengi huzitumia kuondoka mapema, na ni haki yao, ila wasikae mchana kutwa bila kukamua hata mara moja.

Zinamgharimu nini mwajiri? Saa 2 kwa siku 70 ni saa 140. Mtu wa mshahara wa Sh500,000 kwa wiki ya saa 45 analipwa kama Sh2,560 kwa saa, kwa hiyo jumla ni Sh359,000 hivi. Ni asilimia 6 ya mshahara wa mwaka, kwa mwaka mmoja tu.

Sheria hiyo inataja saa, haitaji chumba. Kenya imeandika chumba. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke sehemu ya kunyonyeshea yenye maji ya kunawa, friji au kifaa cha kupozea, umeme, meza na kiti, na isiwe chooni. Muda wake, hata hivyo, hauzidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, na likizo ni miezi 3. Mama wa Nairobi ana mlango na dakika chache. Wa Dar ana dakika na mara nyingi hukamulia stoo. Kila nchi ina nusu ya jibu, na hakuna sababu ya mama kukosa nusu ya pili.

Kuna wasioguswa na sheria yoyote kati ya hizo: mama lishe, muuza mboga, kibarua wa shambani. Hawa siku zao 84 huwa wiki 2, na mtoto huenda nao gengeni. Soko lenye kivuli, maji na kona ya kukaa lingewafaa kuliko kampeni nyingi za mabango.

Zilizobaki ni zetu

Kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 60. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria kwamba unyonyeshaji ukifikia karibu kila mtoto duniani ungezuia vifo 823,000 vya watoto wa chini ya miaka 5 kila mwaka.

Namba kubwa kama hizo hukaa mbali na sebule ya mtu, kwa hiyo narudi kwenye dumu. Kati ya lita 136, mama anatoa 108 kwa mwili wake, nyingi usiku, wengine tukiwa tumelala. Hizo 28 pia atazikamua mwenyewe. Tunachodaiwa sisi ni saa 140 zisizo na manung'uniko, mlango unaofungika, na mtu nyumbani anayejua kwamba mililita 100 zinatosha.