Mtihani unavyoweza kupunguza miaka ya kukaa chuoni

KARANI aliyeshika vitabu vya hesabu vya chama cha akiba na mikopo mjini Awendo kwa miaka 10, akijiunga na chuo kikuu leo, huenda akaketishwa darasa moja na kijana aliyetoka shule ya upili juzi, wote wawili wakifundishwa namna ya kusawazisha mizania. Kijana anajifunza. Karani analipa karo ya somo analolijua.

Je, hawezi kupimwa kwanza, akahesabiwa ayajuayo, kisha akasoma yale tu asiyoyajua? Anaweza, ingawa njia yenyewe ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani.

Nchini Marekani swali hili lilijibiwa zamani. Tangu mwaka 1967 ipo mitihani iitwayo CLEP, inayosimamiwa na College Board. Mtu hujisomea nyumbani, hufanya mtihani wa takriban saa moja na nusu, na akifikisha alama 50 katika kipimo cha 20 hadi 80, vyuo vingi humhesabia krediti tatu au zaidi. Shahada ya kwanza huko huhitaji krediti zipatazo 120. Kwa hesabu hiyo, mitihani 10 iliyofaulu yaweza kuondoa mwaka mzima wa masomo na karo yake. Si kila chuo huikubali, na kila kimoja kina kanuni zake. Mzazi wa Kendu Bay mwenye mtoto anayejiandaa kusafiri afadhali aulize mapema.

Hapa Kenya hatuna mtihani wa jumla wa namna hiyo. Tulicho nacho ni mitihani ya kitaaluma, na unaokaribiana zaidi na mfano huo ni wa Kasneb, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Mtahiniwa huweza kujisomea huku akiendelea na kazi yake. Aliyepata alama ya C- katika KCSE, ambaye mlango wa shahada umefungwa kwake kwa kuwa vyuo vikuu hutaka C+, anaweza kuanza na diploma ya uhasibu ya ATD, kisha apande hadi CPA. Akiwa na CPA mkononi, vyuo vikuu vingi vinavyofundisha shahada za biashara humsamehe baadhi ya kozi.

Baadhi, si zote. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ya mwaka 2014 iliweka kikomo cha asilimia 49 kwa kozi zinazoweza kuhamishwa. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya shahada lazima isomwe katika chuo kitakachoitoa. Basi miaka minne yaweza kukaribia miwili. Haiwezi kuwa miezi sita. Anayekuahidi shahada ya miezi sita anakuuzia karatasi, na karatasi hizo zina gharama. Mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi wake umefichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Anayenaswa hupoteza kazi, na aweza kudaiwa arejeshe mishahara aliyokwisha kula.

Kuna hesabu nyingine ambayo watangazaji wa kozi hawapendi kuifanya hadharani. Chini ya mtaala ulioanza mwaka 2021, CPA ina ngazi tatu: mbili za kwanza zina karatasi sita kila moja, na ya tatu ina pungufu kidogo ya hizo. Mitihani hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Mtu anayefanya kazi akimudu karatasi mbili kila msimu bila kuanguka, atamaliza kwa miaka mitatu. Ongeza miwili ya chuo, imekuwa mitano. Kwa kalenda tupu, basi, hajamshinda aliyekwenda chuoni moja kwa moja. Kinachopungua ni miaka ya kuacha mshahara na kulipa karo, tena anatoka na sifa mbili badala ya moja. Kwa kijana wa miaka 18 asiye na kazi, na mwenye C+, sioni sababu ya kuizunguka njia hii.

Wala kusoma hivi si jambo geni katika eneo hili. Tom Mboya, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichoko mjini Homa Bay, alisoma uchumi kwa njia ya posta kutoka chuo cha Afrika Kusini akiwa mfanyakazi, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Na walimu wengi wa iliyokuwa South Nyanza walipanda vyeo kwa kusoma usiku kwa taa ya chemni na kufanya mitihani kama watahiniwa wa kibinafsi.

Sasa, maandalizi. La kwanza hutangulia hata kitabu: mwandikie msajili wa masomo wa chuo unachokikusudia, kiwe Rongo, Tom Mboya au kingine, umuulize ni karatasi zipi zinazosamehewa na kwa alama gani, nawe upate jibu la maandishi. Jibu la mdomo la afisa wa kuandikisha wanafunzi halitakusaidia miaka mitatu baadaye.

Kisha pata silabasi, na usome kwa kuifuata hiyo badala ya kufuata sura za kitabu. Vitabu vya mitumba vinafaa kwa somo la uchumi. Kwa somo la kodi ni hatari, kwa kuwa viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha karibu kila mwaka. Fanya karatasi za mitihani iliyopita ukiwa na saa mezani. Karatasi ya CPA huchukua saa tatu, na wengi huanguka kwa kushikwa na swali la kwanza, wala si kwa kutojua.

Kikundi cha watu watatu au wanne hufaa. Mwelezee mwenzako dhana kwa Dholuo au Kiswahili mpaka aelewe, kisha kila mmoja aiandike kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa. Mwenye uzoefu wa kazini ajihadhari na jambo moja: mtahini hutaka utaratibu ulioandikwa kitabuni, hata kama ofisini kwenu mmezoea njia ya mkato.

Usijisajili karatasi nyingi kuliko uwezavyo kusoma, kwani kila moja hulipiwa, na anayeanguka hulipa tena. Kwa anayeanza, mbili zatosha: moja ya hesabu na moja ya maelezo.